DAWA MSETO: TUSIIUE DAWA INAYOTUPONYA



Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya vidonge ambavyo karibu kila nyumba katika parokia zetu inavifahamu. Ni vile vidonge vya malaria tunavyoviita dawa mseto, au ALu. Wengi tumevimeza. Wengi pia tunavyo vichache vilivyobaki, vimefungwa kwenye karatasi, vimewekwa juu ya kabati au ndani ya kikombe cha vijiko. Leo nataka kusema juu ya vidonge hivyo vilivyobaki, maana kwa maoni yangu ndivyo vinavyoanza kutuletea balaa.

Mama mmoja, mwanajumuiya mwenzetu, alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, wa miaka sita, aliugua homa. Alipimwa kwenye zahanati, akaonekana ana malaria, akapewa vidonge 12: viwili viwili, mara sita, kwa siku tatu. Siku ya pili asubuhi, baada ya kumeza mara tatu tu, homa ilikuwa imekwisha na mtoto anacheza mpira uani. Siku hiyo hiyo mdogo wake naye akaanza kuchemka. Mama akahesabu vidonge vilivyobaki, akakuta ni 6. Alikumbuka kwamba dozi ya mtoto mdogo ni kidonge kimoja kimoja mara sita, yaani 6 kamili. Akamshukuru Mungu, akampa mdogo vile vyote.

Mdogo alipona. Lakini baada ya wiki mbili mkubwa alirudiwa na homa, na safari hii ilikuja na degedege. Alifikishwa hospitali usiku akiwa amepauka kama karatasi. Alichomwa sindano, akaongezewa damu ya baba yake, na kwa rehema ya Mungu yu hai.

Sisemi habari hii ili kumcheka mama yule. Hesabu yake ilikuwa sahihi na moyo wake ulikuwa wa mama. Kosa lake ni moja tu: hakuna aliyepata kumweleza kwa nini dozi ni ya siku tatu, wakati homa huisha kwa siku moja. Aliambiwa tu "umalize dozi," kama anavyoambiwa mtoto "usiguse hiki." Mtu mzima huhitaji sababu. Basi leo tutafute sababu hiyo.

MMEA MCHUNGU NA MAMA WA KICHINA

Dawa mseto ya ALu ina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemeta hutengenezwa kutokana na artemisinini, ambayo hupatikana katika majani ya mmea uitwao Artemisia annua. Mmea huu ni wa jamii ya ule mchungu ambao baadhi ya tafsiri za Biblia huuita pakanga. Asili yake ni bara la Asia, lakini siku hizi umelimwa pia Tanzania, Kenya, Uganda na Madagaska.

Wachina waliujua mmea huu kwa karne nyingi. Katika karne ya 4 baada ya Kristo, tabibu mmoja wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura, na humo alieleza namna ya kuutumia kwa homa za vipindi: uloweke katika maji, uukamue, unywe maji yake. Baadaye jambo hilo lilikaa vitabuni.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilikuwa inaua askari wengi, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa huko. Serikali ya China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya. Mwaka 1969 mama mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou, alipewa kuongoza kikundi cha watafiti mjini Beijing. Walipitia maandiko ya kale na kujaribu mimea mingi sana. Artemisia nayo waliijaribu, lakini matokeo yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

Ndipo Tu Youyou aliposoma tena maneno ya Ge Hong na kuona jambo ambalo wengine walilipita: mzee yule hakuchemsha majani. Aliyaloweka na kuyakamua. Mama yule akajiuliza kama labda moto ndio ulioiharibu dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo, kiasi cha nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 dawa aliyoipata kwa njia hiyo iliondoa vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza, ili kuhakikisha haina madhara, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Mwaka huo huo waliitenga dawa yenyewe ikiwa safi. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na wanasayansi wawili waliogundua dawa nyingine, ile inayotibu usubi na matende.

SIRI YA OKSIJENI MBILI

Sasa tuingie ndani ya dawa yenyewe. Msomaji usiogope kemia, maana jambo hili ni rahisi kulielewa kuliko linavyosikika.

Artemisinini imejengwa kwa atomu 15 za kaboni, 22 za hidrojeni na 5 za oksijeni. Kwa kawaida oksijeni hupenda kushikana na kaboni au na hidrojeni, na zikishikana hivyo zinatulia. Lakini katika artemisinini kuna oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, kama daraja dogo katikati ya dawa. Kemikali yenye oksijeni mbili zilizoshikana namna hiyo huitwa peroksidi. Na kama imejengwa juu ya kaboni huitwa peroksidi ogania.

Mshikano wa oksijeni na oksijeni ni dhaifu. Hauna hata nusu ya nguvu ya mshikano wa kaboni na kaboni. Ni kama mtego wa panya uliotegwa: umetulia kabisa, unaweza kuubeba, lakini ukiguswa mahali pake hufyatuka. Mtego huu wa dawa hauguswi na jino la panya. Unafyatuliwa na chuma.

Je, chuma hicho kinatoka wapi? Kinatoka katika damu yetu wenyewe. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini, yaani ule wekundu wenye chuma ndani yake. Anapokula, chuma kile hubaki wazi kama mifupa inavyobaki baada ya karamu. Artemisinini ikifika hapo hukutana na chuma hicho, daraja la oksijeni hukatika, na vipande vinavyozaliwa ni vikali mno. Hushambulia protini za kimelea kila upande mpaka afe. Chembe nzima za damu ambazo hazina kimelea hazina chuma kilichoachwa wazi namna hiyo, ndiyo maana dawa humwacha mgonjwa na kumuua mdudu. Kimelea anauawa kwa mabaki ya chakula chake mwenyewe.

Tunajuaje kwamba siri iko kwenye zile oksijeni mbili? Wanasayansi walitengeneza dawa inayofanana na artemisinini kwa kila kitu, isipokuwa waliondoa oksijeni moja ya daraja lile. Ile iliyobaki haikuweza kuua vimelea. Sura ile ile, lakini mtego hauna tena kifyatuo.

Mimi nikitafakari jambo hili huona mkono wa Muumba. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu mganga na kutoidharau dawa itokayo ardhini. Mtu anayeitupa nusu ya dozi, au kuiweka akiba kabatini, anaidharau dawa hiyo hata kama hana nia hiyo.

KWA NINI SIKU TATU?

Dawa hizi za artemisinini zina nguvu nyingi na maisha mafupi. Huanza kazi upesi sana. Ndiyo maana mtoto yule alicheza mpira siku ya pili. Lakini hazikai mwilini. Baada ya saa chache tu tangu kumeza, sehemu kubwa imekwisha ondoka katika damu.

Vimelea vya malaria ile kali huzaliana kwa mizunguko ya saa 48. Katika kila mzunguko, dawa ya jamii hii huweza kuvipunguza vimelea mara elfu kumi. Ni kazi kubwa kweli. Lakini mgonjwa anaweza kuwa na vimelea mabilioni kwa mabilioni. Gawanya bilioni mia kwa elfu kumi, unabaki na milioni kumi. Mgonjwa mwenye milioni kumi hana homa tena, anakula na anacheka, lakini vimelea bado vimo. Siku tatu za dawa zinagusa mizunguko miwili, hivyo vinapunguzwa tena mara elfu kumi. Hapo ndipo vinabaki vichache vya kuhesabika.

Na hao wachache ni kazi ya nani? Ni kazi ya lumefantrini, yule mwenzake ndani ya kidonge. Lumefantrini ina nguvu ndogo kuliko mwenzake lakini hukaa mwilini siku nyingi, kama mlinzi anayebaki kufagia uwanja baada ya jeshi kuondoka. Ndiyo maana dawa ikaitwa mseto. Anayekatisha dozi amelirudisha jeshi kambini mapema na mlinzi amemnyima chakula.

Na chakula chenyewe ni neno la maana hapa. Lumefantrini haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Anayemeza vidonge na maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, anapoteza sehemu kubwa ya dawa aliyoimeza. Huhitaji nyama choma: kikombe cha maziwa, uji wenye karanga, parachichi, au chakula chochote kilichoungwa kwa mafuta kinatosha. Kwa mtoto anayenyonya, maziwa ya mama yanatosha.

TUMESAHAU KLOROKWINI?

Wazee mnaikumbuka klorokwini. Mnakumbuka ilivyowasha mwili usiku kucha, na bado tuliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na inaponya. Tuliinunua kidonge kimoja kimoja dukani, pamoja na chumvi na kibiriti. Kila aliyeumwa kichwa alimeza viwili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea sugu vikaonekana Afrika Mashariki, na miaka iliyofuata watoto wengi walizikwa wakiwa wamekwisha kumeza klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha, ikachukua SP. SP nayo haikudumu: kufikia mwisho wa mwaka 2006 ilibidi tuhamie kwenye dawa mseto.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuona hatari, na Januari 2006 liliwataka watengenezaji waache kuuza vidonge vya artemisinini peke yake bila dawa mwenza. Hata hivyo, miaka michache baadaye ilithibitishwa kwamba magharibi mwa Kambodia vimelea vilikuwa vimeanza kuchelewa kufa kwa dawa hizi. Tulisema, "Kambodia ni mbali."

Si mbali tena. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba vimelea vya namna hiyo vimezaliwa Rwanda. Mwaka 2021 ikatangazwa habari ya kaskazini mwa Uganda. Baada ya hapo ikaonekana Eritrea, na hapa kwetu Tanzania, katika mkoa wa Kagera. Hao hawakuja na ndege kutoka Asia. Uchunguzi umeonyesha wamezaliwa humu humu Afrika.

Na hila yao ni ya kushangaza. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vimelea hivi, katika saa zao za mwanzo ndani ya chembe ya damu, hula himoglobini kidogo kuliko wenzao. Wakila kidogo, chuma kinachobaki wazi ni kidogo, na mitego mingi haifyatuki. Wanafunga kula mpaka dawa ipite, kisha wanaanza upya. Sasa fikiri mwenyewe: mdudu anayesubiri dawa ipite atafurahi namna gani akimkuta mgonjwa aliyemeza siku moja na nusu tu!

Tushukuru kwamba hali hii bado ni usugu wa nusu: dawa inachelewa, haijashindwa, na mwenzake bado anafanya kazi katika sehemu nyingi. Dawa mseto bado inaponya. Lakini ngazi tunayoipanda tunaifahamu, maana tulikwisha kuipanda na klorokwini. Kwa mwaka 2023 peke yake Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 vya malaria duniani, karibu vyote barani Afrika, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hivyo ndivyo ilivyo tukiwa na dawa inayofanya kazi.

NENO JUU YA CHAI YA ARTEMISIA

Hapa naomba niseme kwa unyenyekevu, maana jambo hili linatugusa sisi wenyewe ndani ya Kanisa. Katika bustani za nyumba zetu nyingi, za watawa na za parokia, mmea wa artemisia umepandwa. Majani hukaushwa, hufungwa katika vifuko na kuuzwa au kugawiwa kama chai ya kutibu malaria. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, sifa za mmea huu zilipanda zaidi, hata Tanzania ilituma ndege Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa artemisia.

Wanaofanya hivyo wana nia njema. Wanasema: chai ni rahisi, haina gharama, ni ya asili, Wachina waliitumia kwa karne nyingi, na zahanati iko kilomita nyingi. Hoja hizi si za kupuuzwa. Nami nikiwa mtu wa kijijini najua maana ya kutembea na mtoto mgonjwa mgongoni. Lakini naomba tuzipime.

Kwanza, kipimo. Kidonge kina miligramu 20, jana, leo na kesho. Jani la bustanini hujui lina kiasi gani: hutegemea mbegu, udongo, mwezi wa kuvuna na namna ya kukausha. Artemisinini tena haiyeyuki vizuri katika maji. Watafiti waliopima chai ya lita moja walikuta kiasi cha sehemu moja kwa tano tu ya dozi inayohitajiwa kwa siku.

Pili, matokeo. Mwaka 2004 ulitolewa utafiti uliofanyika Kongo, ambapo wagonjwa waliopewa chai walilinganishwa na waliopewa kwinini. Baada ya siku saba wengi wa wanywaji wa chai walionekana wamepona. Lakini ilipofika siku ya 28, ni theluthi moja hivi tu waliobaki wamepona. Wengine walikuwa wamerudiwa na vimelea. Unaona sasa kwa nini chai ina mashahidi wengi? Mashahidi wanahesabu wiki ya kwanza. Wiki ya nne hakuna anayehesabu.

Tatu, usugu. Chai ni artemisinini kidogo kidogo, bila mwenzake. Ni kuwafundisha vimelea kuukwepa mtego huku hatujawaua. Shirika la Afya Duniani limekataa matumizi haya, na mwaka 2019 lilirudia kusema hivyo.

Maoni yangu basi ni haya: chai ya artemisia isigawiwe kama tiba ya malaria katika taasisi yoyote ya Kanisa. Mtu mwenye jina jema akikosea, kosa lake husafiri mbali kuliko la mwenye jina baya. Mama akipewa chai na sista, hatauliza swali la pili. Bustani zile zipandwe mchicha na karoti, na nguvu ile ya upendo iende kwenye kumpeleka mgonjwa zahanati.

NDUGU WENGINE WA UKOO HUO

Kwa kuwa tumekwisha kuifahamu peroksidi, niseme kwa kifupi juu ya ndugu zake tunaokutana nao nyumbani.

Wa kwanza ni benzoili peroksidi, dawa ya kupaka kwa chunusi. Nayo hukatika pale penye oksijeni mbili na kuua bakteria ndani ya vinyweleo. Vijana wanaipenda, lakini wasidhani kwamba kupaka nyingi ni kupona upesi. Anza na ile ya nguvu ndogo, paka kidogo, usiiweke juani, na ujue kwamba hutoa rangi katika taulo na mito. Wala isichanganywe na zile krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni bila maandishi ya kueleweka. Hizo ni hatari nyingine, tutaziandikia siku yake.

Wa pili ni yule anayekaa katika karakana za faiba, wanakotengeneza matangi, mashua na bodi za magari. Mafundi humwita hadna. Ni peroksidi kali inayogandisha gundi ya faiba. Tone moja likiingia jichoni linaweza kumpofusha mtu. Kijana wako akijifunza kazi hiyo, mnunulie miwani ya kinga kabla ya kumnunulia simu. Ikimrukia, aoshe jicho mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, ndipo akimbizwe hospitali. Asiihifadhi kamwe katika chupa ya soda, wala karibu na moto au jua.

Wa tatu tunampika wenyewe. Mafuta ya kula yakikaa wazi, juani, au yakichemshwa mara nyingi kukaanga chipsi na maandazi, hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya peroksidi. Huo ndio mwanzo wa ile harufu ya mafuta yaliyochacha. Funika mafuta, yaweke gizani, na yakishakuwa meusi na kunuka, yamwage.

TUFANYE NINI?

Nirudi kwenye dawa mseto. Naomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo, na hasa akina mama wa WAWATA na akina baba wa UWAKA, mjadili mambo haya katika mkutano mmoja:

1. Homa isitibiwe kwa kubahatisha. Mtoto apimwe damu kwanza. Si kila homa ni malaria, na dawa iliyomezwa bila malaria ni dawa iliyopotea.

2. Dozi ya mtu ni ya mtu huyo. Hupangwa kwa uzito wake. Wakiugua wawili, wapimwe wawili na wapewe dozi mbili.

3. Meza mara sita kwa siku tatu. Dozi ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mmoja wa nyumbani awe na kazi ya kukumbusha.

4. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Mgonjwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza, usihesabu kwamba amemeza. Mrudie mhudumu wa afya.

5. Ukishapona siku ya pili, endelea. Hapo ndipo dozi inapoanza kufanya kazi ya maana.

6. Degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mwili kupauka, mkojo mweusi, au mtoto kulegea na kutoamka vizuri: hiyo si kazi ya vidonge. Kimbia hospitali. Kuna sindano ya atesuneti, nayo ni ya ukoo huo huo. Utafiti wa mwaka 2010, uliohusu watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionyesha kwamba katika kila watoto mia waliotibiwa kwa kwinini walikufa karibu 11, na kwa sindano hii walikufa 8 au 9. Lakini sindano haimsaidii anayefika akiwa amechelewa.

7. Mama mjamzito asijitibu kamwe. Aende kliniki.

8. Nunua dawa mahali palipoandikishwa tu, na usinunue vidonge vilivyotolewa katika pakiti yake.

9. Lala ndani ya chandarua. Anayeepuka malaria hahitaji dawa yoyote.

Na wahudumu wenzangu wa zahanati nisiwaache. Tunapotoa dawa tukiwa na foleni mpaka nje ya mlango, tunasema "utumie kutwa mara mbili" na kuita mwingine. Yule mama wa watoto wawili angehitaji sentensi mbili zaidi: "Homa itaisha kesho, lakini wadudu bado wamo. Hivi vya siku ya tatu ndivyo vinavyowamaliza." Hata dakika moja haitimii. Na tungefanya jambo jingine pia: mama anapokuja na mtoto mmoja, tumwulize, "Nyumbani kuna mwingine mwenye homa?" Swali hilo peke yake lingeokoa damu ya baba yule.

Serikali na watafiti wana kazi yao: kupima usugu, kuleta dawa mpya, kupeleka chanjo kwa watoto wadogo. Tuwaombee na kuwadai. Lakini hakuna serikali inayoweza kuingia katika kabati yako kuangalia vidonge vilivyobaki. Kazi hiyo ni yako. Haba na haba hujaza kibaba, na dozi moja moja iliyokatishwa katika nyumba moja moja ndiyo itakayojaza kibaba cha usugu.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma ukurasa huu, inuka uangalie juu ya kabati. Ukikuta vidonge vya mseto vilivyobaki, usimpe mtu. Virudishe zahanati. Kisha waite wa nyumbani mwako, uwaeleze kwa nini siku ni tatu.

Mungu awabariki na kuwalinda watoto wenu.